Moyo Unapokwenda Mbio: Tuamue Vipi?



Ndugu yangu msomaji, mwezi huu twasikia mawaidha mengi ya kusafisha moyo. Mimi leo nataka nikuzungumzie moyo wenyewe, ile nyama iliyo kifuani, inayopiga mara 60 hadi 100 kwa dakika ukiwa umetulia.

Kuna watu ambao moyo huwatoka mbio ghafla, ukafika hata 180, kisha ukatulia ghafla vilevile. Jamaa husema ni jini ama husda, mgonjwa akasomewa miezi na hajapimwa ECG hata mara moja. Kisomo ni kheri, lakini pima pia. Mara nyingi tatizo ni umeme wa moyo: pana njia ya ziada, basi umeme wazunguka humo humo kama matatu iliyokosa pa kutokea. Aina hii madaktari huiita SVT.

Mama yangu anayo, naye amenipa ruhusa niseme. Daktari alimpa njia tatu: kujifunza kuyatuliza mapigo yakija, kumeza vidonge kila siku, ama kufanyiwa ablesheni. Hapo nyumba ikagawanyika. Ami asema moyo hauchezewi. Dada ataka afanyiwe kesho.

Ablesheni si kupasua kifua. Mirija myembamba hupitishwa kwenye mshipa wa kinena hadi moyoni, na ile sehemu yenye hitilafu ikachomwa kwa joto ama ikagandishwa kwa baridi. Kwa SVT iliyo ya kawaida zaidi, hufaulu kwa zaidi ya watu 90 katika 100. Hatari zipo: kuvuja damu penye mshipa, na kwa wachache, kama mmoja katika 100 au pungufu, njia ya asili huharibika wakahitaji kifaa cha kuupigisha moyo.

Lakini ukiwa na AF, yaani moyo kupiga ovyo bila mpango, hesabu ni nyingine. Yaweza kurudi, ukarudia ablesheni, na wengi huendelea na dawa ya kuzuia damu isigande, kwani hofu kubwa hapo ni kiharusi.

Kwa hivyo uliza: Yangu ni ya aina gani? Nikiiacha itanidhuru vipi? Wewe daktari umefanya ngapi? Gharama yote ni ngapi, na SHA italipa kiasi gani?

Mabedui walimuuliza Mtume (SAW) kama watafute matibabu, naye akawaamrisha watibiwe. Na istikhara huja pamoja na kushauriana na wajuzi, si badala yake. Mwisho, mwenye moyo ndiye mwenye kauli. Sisi tulibishana wiki mbili kabla ya kumuuliza Mama. Akasema mapigo ayavumilia. Asichovumilia ni kuogopa kwenda sokoni peke yake. Atafanyiwa baada ya Idd, inshaallah.

Nawe uliye na vidonge, usivikatize kwa sababu ya saumu. Muulize daktari kama nyakati zaweza kubadilishwa. Ikiwa haziwezi, mgonjwa ana ruhusa ya kula. Na mapigo yakija na kuzimia ama maumivu ya kifua, usingoje futari. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Allah awaponye wagonjwa wetu. Wabillahi tawfiq.