Somo la Redio kwa Watu Wazima: Kuondoa Mbonyeo Katika Bampa la Gari

Natumaini mmekwisha kaa, na kila mmoja ana kalamu na karatasi. Walimu, tafadhali andikeni ubaoni maneno manne ya leo: bampa, mbonyeo, plastiki, ufa. Wanafunzi, yasomeni kwa sauti mara mbili. Haya, vizuri.

Labda mmoja wenu ananong'ona, "Mimi sina gari. Somo hili lanihusu nini?" Ndugu yangu, mwenye gari si yule aliyelinunua tu. Yuko dereva wa kuajiriwa, yuko utingo, yuko kijana aoshaye magari. Hata mimi, gari nililoharibu halikuwa langu.

Mwaka jana shemeji yangu alisafiri kwenda msibani, akaniachia gari lake. Gari hilo ni teksi, nalo ndilo linalowalisha watoto wake. Siku ya pili nilikuwa narudi nyuma kuingia langoni. Nikasikia kishindo. Nguzo! Niliposhuka, nikaona bampa la nyuma limebonyea, shimo lake lapata upana wa sahani. Kwa haraka yangu nikachukua nyundo, nikaanza kugonga kandokando ya shimo. Rangi ikabanduka. Jirani yangu, fundi wa kunyoosha bodi, akanizuia. "Mwalimu, weka nyundo chini," akasema. "Chemsha maji." Aliyonifundisha siku ile ndiyo nitakayowaeleza leo.

Kwanza, jua bampa lako limetengenezwa kwa kitu gani. Zamani mabampa yalikuwa ya chuma kilichopakwa kromu, yakang'aa kama kioo. Mwaka 1972 kampuni ya Renault ya Ufaransa ilitoa gari liitwalo Renault 5, lenye mabampa ya plastiki. Baadaye kampuni nyingine nyingi zikafuata, na leo magari mengi madogo yana bampa la plastiki. Chukua sumaku uiweke juu ya bampa. Ikinata, hicho ni chuma, nacho ni kazi ya fundi. Isiponata, gonga kwa kidole usikie. Plastiki haina mlio wa bati.

Plastiki ya bampa ina tabia hii: ikipata joto hulainika, ikipoa hukaza. Tena, ikiwa imebonyea tu bila kupasuka, hupenda kurudia umbo lake la kwanza. Kazi yako ni kuilainisha na kuisaidia kidogo. Ndiyo maana nyundo haifai.

Sasa andikeni vifaa: birika au sufuria, maji yapata lita 6, ndoo ya maji baridi, glovu nene, tochi, na bisibisi. Tafuta na mtu mmoja wa kukusaidia.

Hatua ya kwanza. Osha bampa, kisha litazame vizuri. Je, lina ufa? Ukiona ufa, acha. Maji ya moto hayaungi ufa.

Hatua ya pili. Mulika kwa tochi nyuma ya bampa. Mkono wako wapata kufika nyuma ya mbonyeo? Usipofika, huenda ukahitaji kufungua skrubu chache. Usiingie kabisa chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Jeki huteleza, na gari halina huruma. Tazama pia kama kuna nyaya. Magari mengi ya siku hizi yana vifaa vya umeme ndani ya bampa, vya kumwonya dereva anaporudi nyuma. Huko mbele, mengine yana vifaa vya kufungua mifuko ya hewa wakati wa ajali. Ukiona vitu hivyo mahali palipobonyea, usimwage maji. Mwite fundi.

Hatua ya tatu. Chemsha maji mpaka yatokote. Pwani, kama Dar es Salaam au Mombasa, maji huchemka kwenye digrii 100. Nairobi iko juu ya bahari kwa mita zipatazo 1,700, na huko maji huchemka kwenye digrii 94 hivi. Kwa hiyo ninyi mkaao milimani yawapasa kumimina maji mengi zaidi na kuwa na subira. Kabla ya kulitoa birika jikoni, waondoe watoto wote. Bampa hununuliwa dukani, lakini ngozi ya mtoto haiuzwi popote.

Hatua ya nne. Vaa glovu. Msaidizi wako amimine maji polepole, kuanzia ukingo wa mbonyeo hadi katikati. Asimwage juu ya taa, maana yaweza kupasuka. Asimwage pia pale mkono wako ulipo.

Hatua ya tano. Maji yakiisha kumiminwa, sukuma kutoka ndani kwa kiganja. Anza ukingoni, kisha katikati. Sukuma kwa nguvu ya taratibu, usipige. Mbonyeo ukikataa, mimina tena. Mara utasikia mlio mdogo, na bampa litarudi mahali pake. Hapo mimina maji baridi ili likaze.

Wako watu wanaotumia moto wa gesi badala ya maji. Msifanye hivyo. Maji hayapiti digrii 100, lakini moto hauna kipimo. Rangi hutoka malengelenge na plastiki huyeyuka. Tena nyuma ya magari mengi tangi la petroli haliko mbali.

Basi, ndugu zangu, bampa la shemeji lilirudi. Palibaki mkwaruzo wa nyundo yangu tu. Nikafurahi, na nitasema kweli: moyoni nikaamua kunyamaza. Lakini fundi akanipa tochi, akasema, "Tazama ndani." Nyuma ya plastiki pana mhimili wa chuma. Huo ndio unaopokea kishindo gari linapogongwa. Nao ulikuwa umepinda.

Waswahili husema, nyumba njema si mlango. Plastiki ile ni nguo tu, na chuma ndicho mfupa. Maji ya moto hurudisha sura ya bampa. Nguvu ya chuma kilichopinda hayairudishi.

Shemeji aliporudi, nilimwonyesha kila kitu. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Shemeji, afadhali umesema. Ungenyamaza, angelipa abiria wangu." Mhimili mpya nilimnunulia mimi, kwa mshahara wa miezi miwili, nusu kwa nusu. Uliniuma, lakini nalala usingizi.

Kwa hiyo hatua ya sita, ambayo wengi huisahau, ni hii: ukiisha kunyoosha, mulika ndani. Chuma kikiwa kimepinda, gari liende kwa fundi kabla halijapakia mtu. Na kama gari si lako, mwambie mwenyewe.

Maswali ya kujibu darasani:

1. Utajuaje kama bampa ni la chuma au la plastiki?
2. Kwa nini bampa lenye ufa halifai kumwagiwa maji ya moto?
3. Birika lako linachukua lita 2. Unahitaji lita 6. Utachemsha mara ngapi?
4. Andika sentensi tatu kueleza kwa nini mwalimu alimwambia shemeji yake ukweli. Je, wewe ungefanyaje?

Someni majibu yenu kwa sauti mbele ya wenzenu. Kwaherini, ndugu, na tuonane katika somo lijalo.