Tarishi au Soko: Njia za Kujadiliana Mtandaoni kwa Vyama vya Kahawa



Swali nililopewa ni hili: vyama vya msingi vya Rombo, Marangu, Machame na Kibosho vikitaka kujadiliana mtandaoni, vitumie orodha ya barua pepe au kikundi cha habari?

Orodha ni tarishi. Unatuma barua kwenye anwani moja, kila aliyejiandikisha anapata nakala yake. Kazi ya kuandika na kufuta majina kwa mkono iliondolewa na programu ya LISTSERV, aliyoitunga Eric Thomas mwaka 1986. Kikundi cha habari ni kama soko la Marangu Mtoni: asiyekwenda hapati habari. Usenet, mtandao wa vikundi vya namna hiyo uliobuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, uliweka maandishi kwenye seva. Msomaji akayafuata mwenyewe, akakuta swali na majibu yake kwenye uzi mmoja.

Kwangu mimi tarishi alishinda, na sababu ilikuwa bei. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikuwa nikiingia mgahawa wa intaneti mjini nikiwa na disketi mfukoni. Tulilipia muda. Nilinakili barua zote bila kuzisoma, nikatoka. Jioni nikazisoma ofisini na kuandika majibu, kesho yake nikayarudisha. Siku moja disketi ikagoma kufunguka. Barua nilikwisha kuzifuta kwenye kisanduku ili nipate nafasi, ikabidi nimwombe mwenzangu anitumie zake.

Hapo ndipo penye udhaifu. Kumbukumbu ya mjadala ikibaki kwenye visanduku vya watu, katibu anayeingia msimu ujao atauliza upya: dawa ya chulebuni, ugonjwa wa kahawa, ipulizwe lini, miche chotara ya taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI Lyamungo, inapatikanaje? Waliokwisha kujibu watachoka, watanyamaza. Wasomaji wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums, lililoanza mwaka 2006, wanaijua faida ya uzi: jambo la mwaka juzi linafufuliwa pale pale lilipoachwa. Ila katibu wa Useri mwenye foleni ya wakulima mlangoni hataingia kila siku kutazama kama kuna jipya.

Napendekeza orodha yenye kumbukumbu: barua imfuate katibu, nakala ikae mahali pamoja panaposomeka. Kundi la Wanabidii kwenye Google Groups, walikojadiliana Watanzania wengi, lilikuwa la namna hiyo. Nasisitiza kichwa cha barua kitaje jambo lenyewe. “Habari za leo” hakimsaidii anayetafuta chulebuni.

Pia tusiiachie kampuni kumbukumbu zetu. Yahoo Groups ilifungwa Desemba 2020. Google Groups iliacha kupokea maandishi mapya ya Usenet Februari 2024. Kila robo mwaka chama kimoja kipakue barua zote na kuzihifadhi, kwa zamu. Chama chetu kiko tayari kuanza.