Jina la Susu Si la Kuitwa Tu



Tuanze na majina, maana hapa Ukambani jina si jambo dogo. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba, wa kwanza wa kike jina la nyanya wa upande huohuo, kisha zamu inakuja kwa wazazi wa mama. Ndiyo maana mtamsikia mzazi akimwita kijana wa miaka minne "baba", na wala hatanii.

Sasa lichukueni jina Wayua. Ni msichana aliyezaliwa wakati wa yua, yaani njaa. Wambua ni yule aliyezaliwa wakati wa mvua. Mjukuu anaweza kuitwa Wayua hata kama mwaka wake ulikuwa wa mavuno mazuri, kwa sababu analibeba jina la susu wake. Tukimwuliza, "Wayua, ni njaa gani hiyo?" anacheka tu. Hajui. Na mwenye kujua ameketi nje chini ya mwembe anapepeta kunde, na hakuna aliyemwuliza.

Hiyo ndiyo shida iliyotuleta. Salamu wazee wetu wanapewa, kiti wanapewa, Krismasi wanaletewa leso na sukari. Lakini kuulizwa neno hawaulizwi.

Njaa zetu zina majina. Ngomanisye, mwishoni mwa karne ya 19, ilienea kila mahali. Ile ya 1984 iliitwa Nikw'a Ngwete, nakufa nikiwa nimeshika, kwa sababu pesa mtu anazo mkononi na dukani hakuna unga. Waliokuwa na miaka 30 wakati huo sasa wamepita 70. Wanajua watu walikula majani gani, mbegu zilifichwa wapi, na ni shimo lipi mtoni lililobaki na maji hadi mwisho.

Mtasema hizo ni hadithi za jioni. Basi tuzungumze juu ya bwawa la mchanga, maana vikundi vingi hapa vimejenga au vinataka kujenga. Maji ya bwawa hilo hukaa katikati ya chembe za mchanga, jua haliyafikii upesi. Lakini ukuta lazima ukae juu ya mwamba mzima. Mwamba ukiwa na ufa, maji yanapotelea chini, na simiti yote, mawe yote tuliyobeba mgongoni, jasho lote la mwethya, limekwenda bure. Ndiyo maana mafundi wanaotafuta mahali pa kujenga huangalia watu wanachimba wapi maji mchangani wakati wa kiangazi, na mikuyu imesimama wapi, maana mti huo hupenda mahali ambapo maji hayako mbali. Mama aliyechota mto huo miaka 50 anajua kona iliyokauka Agosti na kona ambayo haikukauka. Hawezi kuandika, pengine. Mjukuu wake wa kidato cha nne anaweza. Wawili hao wakitembea mtoni asubuhi moja, mmoja akionyesha na mwingine akiandika, kikundi kimepata kitu ambacho hakiuzwi.

Na mbegu ni vivyo hivyo. Mtama na mawele yalipungua mashambani kwa sababu nyingi, na moja ni ndege: watoto waliokuwa wakiwafukuza sasa wako shuleni. Tusiwalaumu, shule ni haki yao. Lakini anayejua suke lipi la kuachwa kwa mbegu, na jinsi ya kuihifadhi kwa majivu ndani ya kibuyu, bado yuko nyumbani.

Wazee nao tuwaambie kwa heshima: kijana akija kuuliza, asianze kwa kukemewa nywele zake. Akikemewa mara mbili, ya tatu haji.

Kuna jambo lingine, na hili linauma. Tangu 2018 mpango wa serikali wa Inua Jamii uliwafungulia mlango wote waliofikisha miaka 70, shilingi 2,000 kwa mwezi. Si nyingi, na mara nyingi zinachelewa. Lakini tunasikia za mjukuu anayeshika namba ya siri ya nyanya yake, anakwenda kwa wakala peke yake, na kurudi na nusu. Huo ni wizi, hata akiitwa kwa jina la babu. Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inasema wazee waishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na wapate matunzo kutoka kwa jamaa zao na kwa serikali. Jamaa wametajwa pia, si serikali peke yake. Mzee asiyeweza kutembea asindikizwe, na pesa zihesabiwe mbele yake.

Kwa hiyo tunaomba hivi. Mkutano wenu ujao, kabla ya mvua za Oktoba, kila mwanachama aje na mzee mmoja, na kila mzee aje na mjukuu mwenye daftari. Msiwape wazee hotuba. Waulizeni mambo mawili: maji yalibaki wapi 1984, na ni mbegu gani bado wanayo. Kama mbegu zitapatikana, hata kikombe kimoja, zipimwe hapohapo na kuandikwa ni za nani, ili akivuna aliyekopa, arudishe vikombe viwili kwa mwenyewe.

Na Wayua apewe daftari la kwanza.