Maneno ya Kamati Juu ya Kwanga na Mkopo wa Mama Mgeni

(Yamesemwa mbele ya mkutano wa wanachama. Tumeyaandika hapa ukutani kwa ajili ya wale waliokuwa ziwani.)



Leo tunalo jambo moja tu. Mwenzetu mmoja, mama aliyetoka Uvira ng'ambo ya ziwa akaolewa hapa kijijini, ameomba chama kimkopeshe mapipa 2, sufuria kubwa 1 na magunia 4 ya mihogo, alipe kidogo kidogo. Anataka kupika kwanga nyumbani kwake auze. Maneno yamekuwa mengi kisimani na vilabuni. Basi tuyaseme hapa wazi.

Wanaouliza kwanga ni kitu gani, ni mihogo iliyolowekwa, ikapondwa, ikafungwa katika majani na kuivishwa kwa mvuke. Wakongo wameila miaka na miaka, na wasafiri wa mto Kongo huibeba safarini, kwa kuwa ikifungwa vizuri hukaa siku kadhaa, hata wiki, bila kuharibika. Ugali wetu ukilala usiku mmoja tu, asubuhi ni jiwe. Sasa wafikirieni vijana wetu wanaokesha ziwani kwa ajili ya dagaa. Wanakwenda na nini? Mama huyu alipika vifungu 12 vya kujaribia, akavipeleka mwaloni jioni. Jua halijazama vilikuwa vimekwisha, wala hakuna aliyempigia debe.

Kazi yenyewe si ndogo. Tulikwenda watatu wa kamati tukaiona kwa macho. Mihogo inakaa majini siku 4, wakati wa baridi hata 5. Anaijaribu kwa kidole. Ukibonyea mpaka ndani, tayari. Anaimenya, anatoa zile nyuzi za katikati, anaosha, anakamua, anatwanga. Anaipika mara ya kwanza, halafu anaikanda ingali moto (hapo jamani mikono inaungua kweli), ndipo anaifunga kwenye majani ya mgomba yaliyobabuliwa ili yasipasuke, na kuirudisha kwenye mvuke.

Hapa tusimame kidogo. Wako waliomshauri aloweke siku moja tu, eti pesa ije upesi. Hapana! Mihogo yetu mingi ni michungu, na tunaipanda hivyo makusudi kwa sababu wanyama waharibifu hawaipendi. Lakini uchungu ule unakwenda pamoja na sumu, na kinachoitoa ni maji na siku. Mwaka 1981, wakati wa ukame, katika mkoa wa Nampula kule Msumbiji watu zaidi ya 1,000 walipooza miguu, wengi wao akina mama na watoto. Hapa nchini ugonjwa huo ulionekana wilayani Tarime mwaka 1985. Wataalamu wanauita konzo. Huwapata wanaokula siku hata siku mihogo michungu isiyotayarishwa sawasawa, bila samaki wala maharage, na miguu ikishakakamaa hairudi. Kwa hiyo sharti la kwanza la mkopo ni kwamba mihogo isitolewe majini kabla ya siku 4. Mama mwenyewe alicheka tulipomwambia. Kwao, alisema, hata mtoto analijua hilo.

Sasa hoja ya kwamba ni mgeni, atavuka na mapipa yetu usiku. Ndugu zetu, daftari la chama liko pale mezani, kila mwanachama ana haki ya kulisoma. Wadaiwa sugu waliomo, hakuna hata mmoja aliyezaliwa ng'ambo ya ziwa. Mama huyu ana watoto wanne katika shule yetu na shamba analolima nanyi. Akina mama wanaouza chakula cha mchana nao wasiwe na hofu, maana yeye anauza cha usiku, cha kubeba. Tena mihogo atanunua kwetu, mahali pa kuwangoja wachuuzi wa mjini watupangie bei.

Hofu ya kweli ni nyingine, na hiyo hatukuisikia kilabuni. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu, tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Likifungwa tena, mitumbwi haitoki, na kwanga nani ataila? Kamati inapendekeza kwamba miezi ya namna hiyo asidaiwe, ila auze gulioni kwa kadiri atakavyoweza, na deni liendelee mitumbwi ikitoka.

Kura itapigwa Jumamosi saa nne asubuhi, chini ya mwembe. Mwenye mihogo ya kuuza ajiandikishe kwa katibu kabla ya hapo. Mapipa tunayahitaji mawili, ila yale yaliyowahi kutiwa mafuta ya taa au dawa za shambani msiyalete, hata kama yameoshwa.