Mji Unapopanda Mlima: Mpango wa Ardhi na Makazi Moshi Unatuhusu

(Mazungumzo na wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili)



Leo tunazungumzia mpango kabambe wa mji, yaani ule unaoonyesha wapi patakuwa nyumba, barabara, soko, shule na makaburi, na wapi pataachwa wazi. Wengi wetu tumezoea kuuona kuwa ni kazi ya wataalamu wa manispaa. Tumekuja kuwaomba muuone kuwa ni kazi ya kamati zenu pia.

Hali ilivyo

Katika sensa ya 1967 Moshi mjini palikuwa na watu wapatao 27,000. Sensa ya 2022 ilikuta zaidi ya 220,000. Mpango uliochorwa miaka ya 1970 uliutazama mji mdogo sana kuliko huu. Kusini kuna mashamba ya miwa ya TPC na mpunga wa Lower Moshi, kwa hiyo mji umefuata barabara za Arusha na Himo, na umepanda kuelekea Kibosho, Uru na Old Moshi. Mji usiopangwa hausubiri. Nyumba hutangulia, barabara hufuata kama nafasi imebaki, na maji ya masika hujitafutia njia sebuleni mwa mtu.

Kihamba na chumba cha kupanga

Ndugu zetu mnaotoka mbali, kihamba ni zaidi ya shamba. Ndani yake mna migomba, kahawa, miti ya kivuli, ng'ombe wa zizini, nyumba na makaburi ya wazee. Mwaka 2011 shirika la FAO liliutambua mfumo huu, pale Shimbwe Juu, kuwa ni urithi wa kilimo wa dunia.

Lakini kihamba kimegawanywa baba kwa mwana hadi kimebaki kipande. Kijana asiye na pa kujenga hushuka mjini na kupanga chumba Pasua, Njoro au Majengo. Kipande kilichobaki huuzwa kwa mtu wa mjini anayetafuta kiwanja. Kwa hiyo uhaba wa nyumba mjini na uhaba wa ardhi mlimani ni tatizo moja lenye ncha mbili. Ukitibu ncha moja tu, hujatibu.

Tusisahau maji. Mji hunywa maji ya chemchemi za mlimani, kama Nsere na Shiri. Migomba na miti ya vihamba husaidia mvua kuzama ardhini. Palipofunikwa kwa saruji, mvua hiyo hiyo huteremka kwa kasi na kuwafikia wanaoishi chini.

Sheria inasemaje

Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 inataka wadau washirikishwe mpango unapoandaliwa. Kamati ya parokia ni mdau. Kijiji kikiingizwa katika eneo la mipango miji, hatima ya ardhi yake huanza kuamuliwa kwa utaratibu wa mji, na mwenye kihamba asiye na karatasi yoyote huwa dhaifu mezani. Sheria za Ardhi za 1999, Na. 4 na Na. 5, zinampa mtu anayechukuliwa ardhi haki ya fidia kamili, ya haki na inayolipwa kwa wakati. Aidha, Sheria ya Ardhi ya Vijiji inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Tunalisisitiza hili kwa sababu mjane ndiye wa kwanza kusahauliwa majina yanapoandikwa. Sheria ya Mazingira ya 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Wanaojenga ukingoni mwa Karanga na Rau waambiwe mapema, kabla ya kununua tofali la kwanza.

Tunachoomba

Kwanza, kila kamati iteue watu wawili, mwanamke mmoja na kijana mmoja, wa kuhudhuria mikutano ya mtaa, kijiji na kata inayohusu mipango ya ardhi, na kuleta taarifa.

Pili, kamati ziandike orodha ya chemchemi, mifongo, njia za miguu na makaburi katika eneo lao. Mchora ramani asiyeambiwa hawezi kuviona.

Tatu, familia zisaidiwe kupata hati za hakimiliki za kimila, jina la mke likiwemo.

Nne, parokia zenye ardhi isiyotumika zifikirie nyumba za ghorofa za kodi nafuu, ili kijana apate makazi bila kihamba kingine kukatwa.

Kwa wafadhili wetu: tunajua jengo jipya hupendeza katika picha, na hati ya mjane haipigwi picha vizuri. Hata hivyo, fedha ya kupima mipaka na kuandaa mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji hulinda hata yale majengo mliyokwisha kutujengea.

Mji utapanda mlima, tupende tusipende. Tukiwa kimya, utapanda kwa mwendo wa mwenye fedha. Tukishiriki, tutaweza kusema: hapa jengeni, hapa pitisheni barabara, na hapa acheni migomba, kwa maana ndipo maji yenu yanapotoka.