Wakati Tumbo Halishiki Kinini

Kinini cha kupanga uzazi kinafanya kazi tu kama tumbo limekipokea. Ukitapika kabla masaa 3 hayajapita, umeze kingine mara moja. Ukitapika ao kuhara sana siku 2 ao zaidi, endelea kumeza, lakini bwana avae kapoti mpaka umeze siku 7 mfululizo nyuma ya kupona.

Na mama aliyepasuliwa akakatwa matumbo, kwa ugonjwa ao kwa kupunguza unene, asitegemee kinini mbele ya kuuliza munganga. Shindano, kijiti cha mkononi na kitanzi cha shaba, shaba kama ile ya Kolwezi, havipiti tumboni. Usione haya: mwambie muuguzi ulipasuliwa wapi, ndipo mchague pamoja.