Namba Ukutani: Takwimu za Mazingira Mbele ya Macho ya Mtaa



Mwishoni mwa Februari 2008, wakazi wa Helsinki, Finland, waliona mvuke wa kituo cha umeme cha Salmisaari umegeuka kijani. Kituo hicho kilichoma makaa ya mawe, tena ndani ya mji. Wasanii wawili wanaofanya kazi kwa jina la HeHe, Helen Evans na Heiko Hansen, waliuelekezea mvuke huo mwale wa leza uliochora umbo lake huku upepo ukiusukuma huku na huko. Takwimu za matumizi ya umeme ziliingizwa kwenye kompyuta, nazo ndizo zilizoamua ukubwa wa wingu lile la kijani.

Ungedhani umeme ukitumika zaidi ndipo wingu linapokua. La. HeHe walipanga kinyume chake: watu wakizima vifaa vyao, wingu linatanuka. Usiku wa mwisho wakazi waliombwa wachomoe walichoweza kwa saa moja, na maelfu wakaitikia. Naielewa hesabu ya wasanii hao. Anayejinyima anataka aone alichovuna, na kumwonyesha kitu kinachosinyaa si kumtia moyo. Lakini mgeni aliyeshuka kwenye treni jioni ile, asiyejua kanuni ya mchezo, aliona nini? Aliona bomba la moshi wa makaa ya mawe limepambwa kama bibi harusi. Kazi ile naipenda sana, na swali hilo bado linanisumbua. Salmisaari yenyewe iliacha makaa ya mawe mwaka 2025, baada ya Finland kutunga sheria mwaka 2019 ya kuyapiga marufuku. Leza haikufunga kituo.

Mwaka 2009 benki ya Deutsche Bank nayo ilisimamisha ubao wa zaidi ya mita 20 karibu na stesheni ya Penn, New York. Tarakimu 13 zilikimbia usiku na mchana kuhesabu gesijoto zilizomo katika anga ya dunia nzima. Msafiri anayewahi treni angefanya nini na namba ile? Hakuna swichi mkononi mwake inayoweza kuipunguza kasi. Ataitazama kama anavyotazama tangazo la soda, kisha ataendelea na safari.

Sasa nendeni Brighton, Uingereza, mwaka 2011, kwenye mtaa mdogo uitwao Tidy Street. Hapo wakazi walisoma mita zao wenyewe, na wastani wa mtaa ukachorwa kwa rangi barabarani, mstari ukisogea siku hadi siku sambamba na ule wa wastani wa mji. Haikuandikwa nyumba ya fulani wala ya fulani. Wapita njia waliuliza, wenyeji wakaeleza. Baada ya wiki chache matumizi yalikuwa yamepungua kwa asilimia 15. Kwangu mimi, mstari huo barabarani unaishinda leza ya Helsinki, kwa sababu aliyeusoma ndiye aliyeusogeza.

Nasi Tanzania tuna ubao wetu: LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Nyumba ya kupanga yenye mita moja inalijua somo hili kuliko kitabu chochote. Huyu ana friji, yule anapiga pasi kila alfajiri, wa chumba cha uani anachaji simu tu. Uniti zikikata usiku, namba iko pale ukutani, kila mtu anaiona, na ugomvi unaanza palepale. Mita inataja kiasi, haimtaji mtumiaji.

Kuna na alama tulizowahi kuandikiwa ukutani bila kuulizwa. Kuanzia mwishoni mwa 2015, nyumba za bonde la Mto Msimbazi, Dar es Salaam, zilipigwa alama nyekundu ya X kabla ya bomoabomoa. Ile nayo ilikuwa taarifa ya mazingira iliyobandikwa mtaani: hapa maji yanafika. Lakini mkazi aliisoma kama hukumu, na ilikuwa hivyo. Mwaka huohuo mradi wa Ramani Huria ulianza kuwatembeza wanafunzi na wakazi katika kata za jiji hilo, wakichora mitaro na nyumba kwenye ramani. Maarifa ya mafuriko wanayo wakazi. Muulize mtu wa bondeni maji yalifika wapi, hatakutajia sentimita. Atagusa kiuno, kisha ataonyesha ukuta.

Ninachopendekeza ni kuuchora ukuta huo. Mstari wa rangi na mwaka wake, ukianza na mafuriko ya Desemba 2011, upakwe na wenyeji, pasipo X. Najua atakayepinga: mwenye nyumba. Mpangaji anautaka mstari ule kabla hajalipa kodi ya miezi sita, na mwenye nyumba ataufuta kwa chokaa kabla mpangaji hajafika. Kwa hiyo tuanzie kwenye kuta ambazo hazina kodi ya kulinda: shule za msingi, zahanati, ofisi za serikali za mitaa, nguzo za madaraja na vituo vya mabasi ya mwendokasi pale Jangwani, bondeni. Wanafunzi wa usanifu majengo na jiografia wanaweza kupima urefu. Mtaa utasema mwaka. Kila masika maji yakivuka mstari, ofisi ya mtaa iongeze mwingine juu yake ndani ya wiki hiyohiyo, kabla tope halijaoshwa.